KODI YA BURUDANI: SENTI ZA MICHEZO NA HAZINA YA TAITA TAVETA

Hapana taifa duniani lisilokuwa na michezo yake. Mkulima akiisha kuweka jembe, na karani akiisha kufunga daftari zake, kila mmoja hutafuta mahali pa kupumzisha moyo. Huyu huenda uwanjani kutazama mpira, huyu huenda kusikiliza muziki, na yule huketi mkahawani mbele ya televisheni akizifuata timu za Ulaya kana kwamba ni za kijijini kwake. Na tangu zamani, kila walipokusanyika watu wengi wenye fedha mkononi, Serikali nayo hupatupia jicho mahali hapo. Ndiyo asili ya kodi ya burudani. Watu wengi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta huilipa, au hudhani kuwa wanailipa, lakini ni wachache wawezao kueleza ni kodi gani, nani mwenye haki ya kuitoza, na fedha zake huingia katika mfuko gani.

Shauri hili si dogo kwa watu wa Taita Taveta. Kaunti yao ina eneo la kilomita za mraba 17,084, lakini kiasi cha asilimia 62 ya eneo hilo kimo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaunti ina watu 340,671, nao huishi na kulima katika sehemu iliyosalia, pamoja na mashamba makubwa ya katani na ranchi za ng'ombe. Sasa, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa kaunti kodi mbili tu kwa majina yake: ya kwanza ni kodi ya ardhi na majengo, na ya pili ni kodi ya burudani. Mtu mwenye mashamba mawili, la kwanza likiwa limebanwa na pori, hana budi kulitazama vizuri lile la pili.

ILIVYOANZA UINGEREZA

Kodi ya burudani kama ijulikanavyo katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza ilizaliwa na vita. Mwaka 1916 Serikali ya Uingereza ilikuwa ikitafuta fedha za kuendeshea Vita Kuu ya Kwanza, na Waziri wa Fedha, Reginald McKenna, akaleta ushuru juu ya kiingilio cha kila mchezo wa hadhara: sinema, tamthilia, mpira na mbio za farasi. Hata mtu maskini aliyelipa peni mbili ili aketi kiti cha mbele katika sinema alitozwa nusu peni juu yake. Mwenye jumba la michezo alibandika stempu ya Serikali katika tikiti, na tikiti isiyo na stempu ilikuwa ushahidi wa kosa.

Inafaa kukumbuka kuwa katika mwaka huo huo wa 1916 vita hivyo vilikuwa vikipiganwa katika nchi ya Taita na Taveta yenyewe. Wajerumani walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914. Reli ilitandikwa kutoka Voi kwenda magharibi kwa ajili ya askari, ikafika Maktau mwaka 1915, na mwezi wa Februari 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika ya Kusini yalirudishwa nyuma katika kilima cha Salaita. Mtazamaji wa sinema mjini London alilipa nusu peni yake kwa ajili ya vita kama hivyo.

Watu waliambiwa kuwa kodi hiyo ni ya muda. Lakini kodi ni kama mgeni aliyezoea: akipewa kiti huomba na kitanda. Vita vilikwisha mwaka 1918, na kodi ikabaki. Mwaka 1924 viti vya bei ya chini vilisamehewa, na mwaka 1931, nchi ilipopatwa na dhiki ya fedha, vikarudishwa tena katika kodi. Mwaka 1946 tikiti za sinema zilizouzwa Uingereza zilizidi bilioni 1.6. Baadaye televisheni iliingia majumbani, wenye sinema wakaanza kufunga milango, na hata hivyo kodi iliendelea kudaiwa. Tamthilia na michezo ya uwanjani ilisamehewa mwaka 1957, na sinema mwaka 1960, wakati majumba mengi yalikuwa yamekwisha kufa. Hapo pana somo la kwanza: kodi ya burudani huleta fedha nyingi wakati biashara inapostawi, lakini ikishikiliwa bila kutazama hali ya biashara, humla ng'ombe anayekamuliwa.

Nchi nyingine zimefuata njia nyingine. Katika India kila jimbo lilikuwa na kodi yake ya burudani kwa miaka mingi. Ilipofika Julai 2017 kodi hizo zilitiwa ndani ya kodi moja ya bidhaa na huduma, ila mabaraza ya miji na vijiji yaliachiwa nafasi ya kutoza yao. Basi swali la nani atoze, Serikali kuu au baraza la mahali, si swali la Kenya peke yake.

ILIVYOFIKA KENYA

Wakati wa ukoloni watu wa Kenya walizoea kwanza kodi ya kibanda, ambayo ilianza kutozwa mwaka 1901. Burudani za Waafrika zilitazamwa zaidi kwa jicho la amri kuliko la hesabu: mjini, ngoma ilitaka kibali, na pombe ilitaka leseni. Mjini Nairobi, katika miaka ya 1920, Baraza la Mji lilijitwalia peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe yao, na faida ikatiwa katika mfuko maalumu wa mambo ya Waafrika wa mji. Hivyo starehe ya maskini ikawa inajenga nyumba na vilabu vya maskini, na hoja ya kuwa jambo hilo ni haki au si haki ilibishaniwa tangu siku zile.

Kodi ya viingilio nayo iliandikwa katika sheria za nchi, ikawa Sura ya 479. Fedha zake zilikwenda katika hazina ya Serikali kuu. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipoundwa mwaka 1995, sheria hiyo ilikuwa miongoni mwa zile ilizokabidhiwa kuzisimamia.

Mabaraza ya wilaya yalipata nini? Baada ya uhuru yalikuwa na kodi ya kichwa iliyopanda kwa kadiri ya mapato ya mtu, nayo ilikuwa tegemeo lao kubwa. Lakini sheria ya mwaka 1969 iliyaondolea mabaraza ya mashambani shule za msingi, afya na barabara, pamoja na kodi hiyo, kuanzia Januari 1970. Tangu hapo mabaraza yalibaki na ada za soko, leseni za biashara na ushuru mdogo mdogo. Katika Taita Taveta palikuwa na mabaraza matatu: Baraza la Kaunti ya Taita Taveta, Baraza la Manispaa ya Voi, na Baraza la Mji wa Taveta. Yote matatu yalikwisha mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi.

KATIBA INASEMAJE?

Kifungu cha 209 cha Katiba kimegawa kodi kama baba agawavyo shamba kwa wanawe. Serikali ya kitaifa imepewa kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na kodi nyingine yoyote ambayo Bunge litairuhusu kwa sheria. Zaidi ya hayo, serikali zote mbili zaweza kutoza ada kwa huduma zitoazo.

Tena, Jedwali la Nne la Katiba limeziwekea kaunti mikononi mwao kazi ya burudani za hadhara. Zimetajwa moja moja: kamari na nyumba za kuchezea kamari, mashindano ya mbio, leseni za vileo, sinema, maonyesho ya video na ukodishaji wake, maktaba, majumba ya makumbusho, michezo na mambo ya utamaduni, na bustani za kaunti.

Lakini mwenye shamba hapewi ruhusa ya kufanya apendavyo. Kifungu hicho hicho chasema kuwa kaunti isitumie uwezo wake wa kodi kwa namna itakayodhuru uchumi wa nchi, au kuzuia biashara na watu kupita kutoka kaunti moja hadi nyingine. Kwa mfano, kikundi cha wanamuziki kinachopita Voi katika njia kuu kutoka Nairobi kwenda Mombasa hakiwezi kudaiwa kodi ya burudani kwa sababu tu kimepita na vyombo vyao garini. Kikishuka na kufanya onyesho la kiingilio, hapo ndipo panapokuwa na jambo la kutozwa. Na Kifungu cha 210 chaongeza kuwa hapana kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa pasipo sheria. Mtu akisamehewa kodi, sababu yake lazima iandikwe katika kumbukumbu iliyo wazi kwa umma na kupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa hiyo afisa asemaye, "Wewe ni rafiki yangu, nenda zako," anatoa kitu kisicho chake.

KODI SI ADA, NA MIKONO NI MINGI

Chanzo cha malalamiko mengi ni kuchanganya mambo. Mwenye klabu au ukumbi hutembelewa na watu wengi wenye karatasi, na kwake wote ni "watu wa kodi". Kumbe kila mmoja anatoka mahali pake.

Kwanza ni kibali cha biashara cha kaunti. Hii ni ada ya ruhusa, nayo hulipwa hata kama mlango haukuingiza mteja mmoja. Pili ni leseni ya vileo. Sheria ya nchi ya mwaka 2010 juu ya vileo ilibadilisha utaratibu wa zamani, na baadaye kazi ya leseni ikawa ya kaunti. Tatu, anayeonyesha filamu kwa watu hutakiwa kuifuata sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, na bodi inayoainisha filamu ni ya Serikali kuu. Nne ni malipo ya haki za wanamuziki. Anayepiga nyimbo za watu katika baa, hoteli au gari la abiria hutakiwa kulipa kwa mashirika yenye idhini chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Hiyo si kodi hata kidogo, bali ni ujira wa mtunzi. Tano, biashara yenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka hutakiwa kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani. Sita, mahoteli na mikahawa hutozwa asilimia 2 ya mauzo kwa ajili ya Mfuko wa Utalii wa taifa.

Baada ya hayo yote ndipo ije kodi ya burudani yenyewe, yaani sehemu fulani ya kile alicholipa mtazamaji mlangoni. Tofauti yake na ada ni kubwa. Ada ya leseni humlemea sana mdogo na humpapasa mkubwa, kwa kuwa hulipwa kabla ya biashara kuanza. Kodi ya kiingilio hufuata mapato: watu wakija wengi ni nyingi, wakija wachache ni kidogo. Walakini kaunti nyingi za Kenya zimependa zaidi ada na vibali, maana ada ni rahisi kukusanya. Afisa hahitaji kuhesabu tikiti, hutazama karatasi ukutani tu. Hivyo uwezo uliotajwa na Katiba kwa jina lake umekuwa kama jembe jipya linalotundikwa darini.

KAMARI YA SIMU

Burudani kubwa ya fedha katika miaka hii haiko uwanjani. Iko ndani ya simu. Kijana wa Mbololo au Bura aweza kuweka dau juu ya mechi inayochezwa Manchester bila kuinuka kitini. Ijapokuwa Jedwali la Nne linaitaja kamari kuwa kazi ya kaunti, kodi zake kubwa zimekuwa zikitozwa na Serikali kuu kwa njia ya ushuru wa bidhaa na kodi ya mapato.

Na viwango vyake vimepanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Kodi ya makampuni ya kamari iliyokuwa asilimia 7.5 ilipandishwa hadi 35 kuanzia Januari 2018, kisha mwaka huo huo sheria mpya ikaishusha hadi 15. Ushuru juu ya dau uliwekwa mwaka 2019, ukaondolewa 2020, ukarudishwa 2021 kwa asilimia 7.5, ukawa 12.5 mwaka 2023, na 15 mwishoni mwa mwaka 2024. Julai 2025 utaratibu ukabadilishwa tena, ushuru ukawa asilimia 5 ya fedha ambazo mchezaji hutia katika akaunti yake ya kamari.

Kwa mtu wa Voi maana yake ni hii: shilingi iliyotoka mfukoni mwake kwa njia ya simu haipiti katika ofisi ya kaunti hata kidogo. Mtu huyo huyo akiitumia shilingi ile kununua tikiti ya mpira katika Uwanja wa Moi hapo Voi, kaunti yaweza kupata sehemu, mwenye timu apate, mama auzaye mahamri nje ya lango apate, na dereva wa bodaboda apate. Kila shilingi inayohama kutoka uwanjani kwenda katika simu huifanya hazina ya mahali kuwa nyepesi zaidi.

NA MBUGA JE?

Wenyeji wengi wa Taita Taveta huuliza, "Je, kutazama tembo si burudani? Mbona wageni huingia kwa lango la Voi, la Buchuma na la Maktau, wakalipa kiingilio, nasi tusione kitu?" Ni swali la haki, nalo lina historia ndefu. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, ikagawanywa kuwa Mashariki na Magharibi mwaka uliofuata, na tangu hapo malisho na njia za kale za uwindaji zikafungwa kwa wenyeji. Tembo nao hawakufungwa: hutoka wakala mahindi na kuvunja mabomba ya maji.

Lakini mbuga za taifa husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na viingilio vyake huenda kwa shirika hilo. Viongozi wa kaunti kwa miaka mingi wamedai sehemu ya mapato hayo, na dai hilo ni la mazungumzo baina ya serikali mbili na Bunge. Si jambo la kutatuliwa na karani wa mapato wa Voi kwa kuandika stakabadhi ya kodi ya burudani langoni. Wakati mazungumzo hayo yakiendelea, kaunti yaweza kunufaika na mgeni akiwa nje ya lango. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, Voi ilipata stesheni ya kushuka abiria wa Tsavo. Mgeni huyo akikuta jioni moja ngoma ya Mwazindika inapigwa vizuri katika ukumbi safi, na maelezo yake yameandikwa, hatajuta kulipa kiingilio. Ngoma hiyo ya Wataita, ambayo asili yake ni kutuliza pepo na kuponya wagonjwa, imekwisha kuwa kitu cha kuonyeshwa katika sikukuu za umma. Waipigao wastahili kupata ujira, wala si kupewa soda na kupigwa picha tu.

HESABU YA MLANGONI

Ili jambo lieleweke, tufanye mfano wa hesabu, mfano tu usio wa mechi fulani. Mtu anaandaa shindano la mpira. Kiingilio ni shilingi 200, na watazamaji ni 600. Mapato ni shilingi 120,000. Gharama zake ni kukodi uwanja 15,000, vipaza sauti na jenereta 30,000, walinzi 10,000, matangazo 10,000, usafiri na zawadi za timu 40,000. Jumla ni 105,000. Faida ni 15,000.

Kaunti ikitoza asilimia 10 ya mapato ya mlangoni, kodi ni shilingi 12,000, na mwandaaji hubakiwa na 3,000. Kodi iliyoitwa "kumi katika mia" imekwisha kula shilingi 80 katika kila 100 za faida yake! Basi atasema, "Nitaiongeza katika tikiti," na kiingilio kitakuwa 220. Watazamaji wakipungua kufika 500, kodi itakuwa 11,000, na yeye atabakiwa na 99,000 dhidi ya gharama 105,000. Amepata hasara ya shilingi 6,000. Mwaka huo kaunti imepata shilingi 11,000. Mwaka utakaofuata hapatakuwa na shindano, na kaunti haitapata kodi, wala kodi ya uwanja, wala ushuru wa wachuuzi. Wahenga walisema kweli: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hesabu hiyo haisemi kuwa kodi ni mbaya. Yasema kuwa kiwango kipimwe. Asilimia 10 juu ya tamasha kubwa lenye viti vya shilingi 3,000 si sawa na asilimia 10 juu ya mchezo wa vijana wa kijiji cha Sagalla. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1916, kwa ukali wake wote, iliyasamehe maonyesho ambayo mapato yake yote yalikuwa ya sadaka, na yale ya elimu. Kaunti yoyote yenye busara yaweza kuweka mpaka: chini ya kiingilio fulani hapana kodi, na harambee za shule na michezo ya wanafunzi zisiguswe.

Tena mapato haya ni dhaifu mbele ya misiba. Ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya mwaka 2020, amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi mwaka huo, haikuondolewa mpaka Oktoba 2021. Kumbi zilikaa kimya, na kila aliyetegemea mlango wake aliumia. Serikali inayoweka hesabu zake zote juu ya furaha ya watu itajikuta mikono mitupu siku ya majonzi.

FEDHA ZIKIISHA KUKUSANYWA

Kifungu cha 207 cha Katiba kinaamuru kuwa fedha zote zilizokusanywa na kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na zisitolewe humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Maana yake ni kwamba aliyekusanya kodi Jumamosi uwanjani hana ruhusa ya kununulia petroli Jumatatu, hata kama safari ni ya kazi. Wala fedha za uwanjani hazirudi uwanjani zenyewe. Bunge la Kaunti ndilo linalogawa, kwa sheria ya bajeti.

Kaunti ya Taita Taveta, kama zilivyo nyingi, huishi zaidi kwa mgao kutoka Nairobi. Katika mwaka wa fedha 2022/23 mgao wake ulikuwa kama shilingi bilioni 4.8, na mapato yake yenyewe ni sehemu ndogo kando ya kiasi hicho. Mgao ukichelewa, mishahara huchelewa, na dawa hospitalini huadimika. Ndiyo sababu senti za mahali zina thamani kuliko uzito wake: hizo hazingoji barua ya mtu.

Lakini hazitafika hazinani kama njia imejaa matundu. Tikiti zisizo na nambari, fedha taslimu zinazohesabiwa gizani, na stakabadhi zinazoandikwa kwa mkono katika kitabu kisichojulikana kilitoka wapi, hayo ndiyo matundu. Dawa zake zinajulikana. Tikiti zichapwe kwa nambari zinazofuatana, na vipande vyake virudishwe vihesabiwe. Malipo yafanywe kwa simu, moja kwa moja katika akaunti ya kaunti, jambo ambalo limewezekana nchini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Mwandaaji apate kibali kimoja mahali pamoja, badala ya kuzunguka ofisi nne. Na mwisho wa kila robo mwaka kaunti ibandike ukutani, katika Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, kiasi kilichopatikana na kazi kilichofanya. Mali bila daftari hupotea bila habari.

WAJIBU WA MWANANCHI

Kila mwaka Bunge la Kaunti hujadili mswada wa fedha unaoweka viwango vya kodi na ada. Katiba, katika Vifungu vya 196 na 201, inataka wananchi washirikishwe. Hilo si pambo la maneno. Mwezi wa Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti nzima ilijikuta na sheria iliyofutwa, na funzo lake likasomwa nchi nzima.

Hata hivyo, katika mikutano hiyo viti huwa vitupu. Wenye kumbi hawaji kwa kuwa wanaogopa kujulikana, wanamuziki hawaji kwa kuwa hawakusikia, na watazamaji hawaji kwa kuwa hudhani kodi ni ya mwenye mlango. Kisha viwango vikitangazwa, wote hupiga kelele sokoni. Mwenye kutaka kiwango cha haki na aende na hesabu zake mkononi, kama ile iliyoandikwa hapo juu. Hesabu ya shilingi na senti huwa nzito kuliko hotuba.

Na mtazamaji naye ana kazi yake, iliyo rahisi kuliko zote. Alipapo kiingilio na adai tikiti yenye nambari. Asikubali kupigwa muhuri wa wino mkononi na kuambiwa, "Pita." Muhuri wa mkononi huoshwa kwa maji, na kodi iliyolipwa huoshwa pamoja nao. Akiipata tikiti yake, anayo haki ya kuuliza kwa nini choo cha uwanja hakina maji, kwa nini taa za ukumbi zimekufa, na kwa nini vijana wa Taveta hucheza mahali pasipo jukwaa. Asiyelipa huuliza kwa haya, lakini aliyelipa na kuwa na ushahidi huuliza akiwa amesimama wima.

Taita Taveta haiwezi kuzivuta mbuga nyuma ili ipate ardhi ya kutoza kodi. Yaweza, hata hivyo, kuitunza michezo yake, ikaitoza kwa kiasi, na kuonyesha wazi senti zilikokwenda. Hapo kodi ya burudani itakuwa kitu ambacho watu hukilipa wakijua sababu yake, nayo haba na haba itajaza kibaba.